Biskuti za Hakodate

Tokie Murase alilipima titi lake la kushoto kwenye mizani ya jikoni, ile anayopimia mchele. Aliinama juu ya meza, akazuia pumzi, akasoma: gramu mia tatu na arobaini, ukikubali kwamba mizani ile haikuundwa kwa kazi hiyo. Kisha akavaa blauzi yake, akakata kitambaa laini cha pamba, akashona kifuko cha duara na kukijaza maharage mekundu mpaka mizani ikasema namba ile ile. Alikuwa fundi wa kukunja pindo za sare za shule, na alijua kwamba nguo isiyo na uzito sawa pande zote mbili hupinda begani. Hakutaka kupinda. Upasuaji ulikuwa Jumanne.

Maandalizi mengine yote yalikuwa ya uongo.

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu kumi na wawili wa mtaa wa Midorigaoka hukusanyika kwenye bustani ndogo nyuma ya majengo ya ghorofa. Mzee Hatano huweka redio kwenye benchi, muziki wa mazoezi unaanza, na wote wananyoosha mikono juu kwa pamoja. Wakimaliza, Mzee Hatano humgongea kila mmoja mhuri kwenye kadi yake. Mtu asipofika siku tatu, wenzake wanaanza kuangalia kama magazeti yanarundikana mlangoni kwake. Hawatamuuliza kitu. Huku kwetu hatuulizi, tunatazama magazeti, halafu tunajisifu kwamba tuna adabu.

Tokie alitaka jambo moja tu: asijue mtu. Akilini aliwaona tayari wakimpisha njia, wakishusha sauti akipita, wakimtazama kifuani kisha wakijifanya wanatazama viatu vyake. Kwa hiyo akatangaza kwamba anakwenda Hakodate, kule kaskazini, kumtembelea dada yake kwa majuma matatu. Dada yupo kweli, ila hawajaonana tangu walipomzika mama yao. Wala hakuna aliyeshangaa, maana watu husafiri. Mwaka uliopita Bi. Ono wa ghorofa ya pili alikwenda Nagasaki, akarudi na keki tamu za mayai.

Hospitali ilitaka sahihi au mhuri wa ndugu. Mume alikwisha kufa miaka sita nyuma, akabaki Shuhei, mwanawe aliyeko Nagoya. Tokie akampelekea fomu kwa posta, na jioni moja Shuhei akapiga simu.

"Mama, nimeshaweka mhuri. Nije?"

"Usije, una kazi. Ni kitu kidogo."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya basi, Mama. Ujitunze."

Shuhei si mtoto mbaya. Alilelewa asiulize mara ya tatu, na aliyemlea hivyo ni Tokie mwenyewe. Lakini simu ilipokatika, Tokie alikaa nayo mkononi kwa muda mrefu, akiingoja hiyo mara ya tatu.

Wodi ilikuwa ya vitanda vinne, na mapazia yalifungwa kutwa kucha. Jirani yake Tokie alimjua kwa ndala zake za kijani tu, zilizojitokeza chini ya pazia, na kwa harufu ya chungwa alilomenya kila baada ya chakula cha mchana. Siku nane walizolala ubavu kwa ubavu walisemezana neno moja, "samahani", na walilisema wote wawili kwa pamoja.

Nesi alipokuja kubadilisha bandeji alimuuliza kwa upole, "Bi. Murase, utataka kutazama leo, au kesho?"

"Kesho," Tokie akasema.

Akasema "kesho" siku nne. Siku ya tano akaenda mwenyewe kwenye kioo cha bafuni, akafunga mlango, akatazama. Palikuwa bapa, na mshono mmoja mrefu ulionyooka vizuri. Jicho la fundi likaukagua kwanza, likaona kazi ni safi. Kisha yule mwanamke aliyekuwa nyuma ya jicho la fundi akaona pia, akalia. Alifungulia maji ili asisikike.

Nyumbani kazi ikawa mkono. Nesi alimfundisha kusimama karibu na ukuta na kuvipandisha vidole polepole, kila siku kidogo zaidi. Tokie alichagua nguzo ya jikoni, yenye alama za penseli za kimo cha Shuhei tangu utotoni. Wiki ya kwanza vidole vilifika kwa Shuhei wa darasa la kwanza. Wiki ya pili vikafika darasa la tatu, hapo vikagoma, na kwapa likawaka moto. Alipumzika, akajaribu tena, akiitaja miaka ya mtoto kwa sauti, kwa kuwa siku hiyo hakuwa ameongea na mtu yeyote tangu asubuhi.

Zikiwa zimebaki siku mbili arudi bustanini, akakumbuka jambo lililomkatisha pumzi. Zawadi. Mtu hatoki safari mikono mitupu. Anayerudi Hakodate bila kitu cha Hakodate ni sawa na kukiri kwamba hakwenda. Basi akavaa koti, akatia kifuko cha maharage mahali pake, akapanda treni vituo viwili hadi kwenye stesheni yenye duka la bidhaa za kaskazini. Alinunua maboksi mawili ya biskuti za siagi, akayabeba kwa mkono wa kulia njia nzima, na kila treni ilipoyumba alishindwa kushika kishikio. Mtu mmoja alimtazama kwa hasira alipomgonga. Tokie akaomba radhi mara tatu.

Asubuhi ya kurudi, kila mtu alikuwa mahali pake.

"Karibu tena, Bi. Murase," akasema Mzee Hatano. "Huko theluji itakuwa imeshaanza."

"Imeanza," Tokie akajibu.

Muziki ukapigwa. Mikono ishirini na mitatu ikapanda juu, na mmoja ukaishia usawa wa bega.

"Hee, mkono mmoja umeusahau Hakodate nini?" Bi. Kuwabara akasema. Huyu ana miaka sabini na minane na ulimi wa pilipili, na husimama hatua mbili kushoto kwa Tokie. Watu wakacheka.

"Bega la uzee hili," Tokie akasema, naye akicheka.

"Uzee gani na wewe mtoto? Lete hayo maboksi, na bega lako bovu utatumwagia biskuti zote." Akamnyang'anya, akageuka nayo upande wa benchi kwa muda, kisha akaanza kugawa.

Walikula. Walisema ni tamu, walisema siagi ya kaskazini haina mfano, wakagongewa mihuri, wakatawanyika. Hakuna aliyemuuliza Hakodate kulikuwaje. Tokie alikuwa ameshinda, asilani hakuna aliyejua, na ushindi ule ulimuuma kuliko mshono. Alirudi nyumbani akasimama mbele ya nguzo bila kuinua mkono.

Saa kumi alasiri kengele ya mlango ikalia. Alikuwa Bi. Kuwabara, na mkononi alishika karatasi ya kufutia pua iliyokunjwa. Hakungoja kukaribishwa. Alivua viatu, akaketi jikoni, akaikunjua ile karatasi mezani. Ndani yake palikuwa na vibandiko viwili vya manjano, vyenye jina la duka la stesheni, umbali wa vituo viwili.

"Ukidanganya, mwanangu, danganya mpaka chini ya boksi," alisema. "Nimevibandua Hatano akiwa hajavaa miwani."

Tokie akavitazama vile vibandiko. "Ulijuaje uangalie chini?"

"Kwa kuwa mimi vya kwangu nilivibandua." Bi. Kuwabara aliigusa blauzi yake upande wa kulia, kidogo tu. "Unakumbuka nilivyokwenda Kumamoto?"

Alikumbuka. Ilikuwa miaka tisa iliyopita. Zawadi zake zilikuwa keki za viazi vitamu, na Tokie alikula mbili, kisha usiku akamwambia marehemu mumewe kwamba kikongwe yule ana hela za kutanga na njia.

"Kumamoto sijafika mpaka leo," Bi. Kuwabara akasema.

Miaka tisa walikuwa wamesimama umbali wa hatua mbili, wakinyoosha mikono kila asubuhi. Tokie alitaka kuomba radhi na hakujua aanzie wapi.

"Mbona hukusema?"

"Wewe umesema?"

Tokie akachemsha chai, na alipoishusha birika kwa mkono mmoja, mwenzake hakuinuka kumsaidia, akamwacha aiweze. Hilo Tokie alilishukuru.

"Hospitali nani alikuja kukuona?" Bi. Kuwabara akauliza.

"Hakuna."

"Na mimi hakuna."

Walikunywa. Kisha wazo likamjia Tokie, likamtia baridi. Keki za Nagasaki.

"Na Bi. Ono? Mwaka jana?"

Bi. Kuwabara aliishusha bilauri yake. "Sijui. Nilikula tu."

Kesho yake, mihuri ilipokwisha kugongwa, Tokie hakuondoka. Alimwendea Bi. Ono aliyekuwa anafunga skafu, moyo ukimdunda kana kwamba anataka kuiba.

"Bi. Ono, samahani. Nagasaki kulikuwaje?"

Bi. Ono alimtazama kwa mshangao, kisha uso wake mzima ukafunguka. Akatoa simu. Alikuwa amekwenda kweli. Kulikuwa na picha arobaini na mbili: bandari, makanisa, ngazi zilizomchosha magoti, na paka mmoja aliyemfuata mpaka hotelini. Mwaka mzima alikuwa anangoja mtu amuulize. Tokie alizitazama zote, amesimama kwenye baridi, mpaka bustani ikabaki na wao wawili tu, na Bi. Kuwabara kando akijifanya anarekebisha glavu.

Bi. Ono akairudisha simu mfukoni, akafuta pua iliyomchuruzika kwa baridi na furaha.

"Na wewe je?" akasema. "Hakodate kulikuwaje?"

Tokie akamtazama Bi. Kuwabara, kisha akamgeukia Bi. Ono.

"Sikwenda," akasema.