Faili la Siku Nzima

Mwishoni mwa miaka ya tisini, nikiwa nimemaliza chuo kikuu na sina kazi, nilijishikiza katika duka la kupiga taipu huko Likoni, nyuma ya soko. Mwenye duka alikuwa mwanamke wa makamo aliyepiga taipu miaka mingi katika ofisi moja ya bandarini, mpaka ofisi hiyo ilipopunguza watu. Aliuza taipureta yake akanunua kompyuta iliyokwisha kutumika. Programu za kuandikia zilikuwa ghali, na mimi ndiye niliyemshawishi atumie programu huria, iliyotolewa bure pamoja na maandishi yake ya ndani ili yeyote mwenye ujuzi, popote alipo, aweze kuirekebisha. Nilimweleza hayo kwa fahari. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Ikiharibika, namwendea nani?"

Iliharibika, na iliharibika kwa sababu ya namna yake ya kufanya kazi. Printa yetu ilitumia karatasi ndefu zilizounganika, zenye matundu pembeni, na kila ulipokata kazi ya mteja mmoja, karatasi nzima ilipotea. Kwa hivyo hakumfungulia kila mteja faili lake. Asubuhi alifungua faili moja, akaandika kazi ya mteja wa kwanza, akapiga mstari mrefu wa nyota, akaingiza ya pili, na hivyo hivyo mpaka alasiri, ndipo akachapisha zote kwa mfululizo na kuzitenga kwa mkasi. Siku zilizokuwa na wateja wengi, programu ilijifunga yenyewe kila alipoiamuru kuchapisha. Tulilazimika kuandika upya, kipande kwa kipande, wateja wakiwa wamesimama juu ya vichwa vyetu.

Kisha tukapata mtihani wa majaribio wa darasa la nane. Aliuandika kama alivyozoea, masomo yote katika faili moja pamoja na kazi nyingine za siku ile, nyota katikati, nao ukakataa kutoka hata ukurasa mmoja, na kuuandika wote upya kungekula wiki nzima. Mwalimu mkuu alikuja Jumatatu, akasimama mlangoni bila kukaa.

"Mama, nisipoupata Ijumaa naupeleka kwa wapiga taipu wa kisiwani. Na kazi nyingine zote zitaufuata huko."

Kazi za shule ndizo zilizolilisha duka lile. Sote wawili tulilijua hilo.

Watengenezaji wa programu walijadiliana kwa barua pepe, katika orodha ya pamoja ambamo kila barua ilisomwa na wote waliojiunga. Nilivuka ng'ambo kwa feri, huko kisiwani, kwenye duka lililokuwa na mtandao, nikaandika malalamiko yetu. Wa kwanza kujibu alikuwa mkavu: hakuna mtu anayeandika hivyo, kila hati iwe na faili lake. Wa pili alimpinga. Kama kuna watu wanaoandika hivyo, alisema, basi programu ni yao pia. Aliniomba niitume hati yenyewe kwenye orodha, waitazame pamoja.

Nilirudi nimechangamka, nikaanza kunakili faili lile la siku ya mtihani kwenye disketi.

"Wapeleka wapi?" akauliza.

"Kwa wale watengenezaji, mama. Wanataka kuliona."

"Ni wangapi?"

"Sijui. Mamia, huenda."

"Wamjua nani kati yao?"

"Simjui hata mmoja."

Akanyoosha mkono. "Lete."

Ndani ya faili lile mlikuwa na ombi la kazi la kijana mmoja, hesabu za chama cha akina mama, na maelezo ya mwanamke aliyekuwa akimpeleka mumewe kwa kadhi, yameandikwa kama alivyoyasema mwenyewe. Mengine sikuweza kuyasoma nikimtazama mwenye duka usoni.

"Mama, wale hawajui Kiswahili. Kwao hizi ni alama tu."

"Nimefanya kazi bandarini, mwanangu. Sijaona meli iliyokosa mtu wa kuniamkia kwa Kiswahili."

"Bila faili hawawezi kututengenezea. Na Ijumaa..."

"Ijumaa naijua. Mimi ndiye niliyeahidi."

Hapo mwanamke yule wa kwa kadhi akaingia kuchukua karatasi zake. Alitoa shikamoo, akaitikiwa marahaba, na kabla hajaketi mwenye duka akamweleza jambo lote, wazi, kana kwamba sikuwapo.

"Yule bwana apigaye taipu pale kituoni ana mashine nzuri kuliko hii yenu," mwanamke akajibu. "Sikwenda kwake kwa sababu ya mdomo wake. Sasa nyinyi mwataka kunitembeza Ulaya?"

"Twakuuliza tu."

"Basi nimejibu. Na huyu bwana digrii, akitaka cha kusoma, anunue gazeti."

Nilivuka tena, nikawaandikia kwamba siwezi kutuma hati kwa kuwa imebeba mambo ya watu. Orodha iligawanyika. Mmoja aliandika kwamba asiyeonyesha kosa hana haki ya kulilalamikia, na kwamba uwazi ndio uliofanya kazi yao iwezekane. Hakukosea. Hata leo, na mvi zangu, sijapata jibu la kumtosheleza. Ninachojua ni kwamba wateja wetu hawakuwa wamekubaliana naye lolote. Yule mpole, aliyeiomba hati, akapendekeza njia nyingine: tutunge hati ya uongo inayofanana na ya kweli.

Siku ya Jumatano mwenye duka aliketi akatunga. Aliandika kwa kasi yake ileile, nyota zake zilezile: ombi la kazi la mtu asiyekuwapo, mtihani wa maswali ya kipuuzi, na mke aliyemshtaki mumewe kwa kuuza kitanda cha harusi yeye mke akiwa matangani. Alicheka peke yake akiandika. Alipoamuru kuchapisha, programu ikajifunga. Ilikuwa mara ya kwanza kwetu kulifurahia jambo hilo, nikalikimbiza lile faili la uongo ng'ambo.

Alhamisi nilivuka tena, jibu lilikuwapo. Programu iliuhesabu mstari wa nyota kuwa neno moja, na maneno marefu namna ile yakirundikana, ilishindwa kuupima ukurasa. Watalirekebisha kosa hilo, walisema, kwa sasa tuache nafasi kati ya nyota na nyota. Tukafanya hivyo. Printa ikaguna, ikaanza. Mwenye duka alisimama kando yake, kiganja juu ya karatasi, kana kwamba ingeweza kubadili nia.

Nilikuwa nimenakili barua zote, nami nikamfasiria moja baada ya nyingine huku mtihani ukitoka. Ya mwisho haikuhitaji tafsiri.

"Shikamoo mama," nikasoma. "Mimi ni mtu wa Kisauni, jirani yenu, nipo huku ughaibuni miaka mingi. Nimeisoma kesi ya yule dada. Je, kitanda chake alikipata?"

Nilingoja anicheke, mimi niliyesema hawajui Kiswahili. Hakucheka. Uso wake ulikuwa umekaza kama Jumatatu ile, mwalimu alipokuwa mlangoni.

"Mjibu," akasema. "Mwambie hakuna kitanda, hakuna mke, nimetunga mimi. Asije akapiga simu kwao kuuliza ni nani."

"Nitamjibu kesho, mama, nikivuka..."

"Leo."

Nikachukua viatu vyangu. Nilipotoka, somo la sayansi lilikuwa ndiyo kwanza linaanza kuchapishwa.