Isale la Daktari

Hospitali yetu ya serikali, huku mlimani juu ya Moshi, ilianza kama zahanati ya vyumba viwili kwenye kipande cha kihamba, shamba la ukoo, alichokitoa babu, baba yake mama. Wanaume walibeba mawe kutoka mtoni, wanawake wakabeba mchanga. Mama naye alibeba, na hajawahi kutuacha tukasahau.

Ilipopanuliwa, tingatinga likang'oa masale, ile mimea ya majani marefu, yaliyozunguka kaburi la babu. Kwetu kila mtu anajua kwamba masale yakipandwa hivyo, hapo pana mtu. Lakini dereva alitoka mbali. Wodi ikajengwa juu ya kaburi, na kamati ya hospitali ikatuma pole ya mdomo tu. Mama akasema hakanyagi pale mpaka waje na isale mkononi, jinsi watu wanavyoombana msamaha.

Sasa kisukari hakijui mambo ya kununa. Kidonda kilimtoka mguuni, vidole viwili vikaanza kuwa vyeusi. Nilimbembeleza, nikamgombeza, nikalia. Niliposema twende mjini, akadai gari linamtapisha. Niliogopa kwamba mguu utakwenda, kisha na yeye.

Nikapiga moyo konde, nikamfuata mganga mfawidhi wa hospitali, binti aliyehamishiwa kwetu kutoka Mwanza, nikamweleza yote. Kesho yake alikuja hadi migombani kwetu, amekumbatia masale tele aliyoyafunga kama shada la harusi.

"Shikamoo mama. Nimekuja kuomba msamaha kwa ajili ya mzee."

"Marahaba." Mama akayatazama. "Mwanangu, linatosha moja. Haya yote, kwani umeua ukoo mzima?"

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Mama akachomoa jani moja, mengine akamrudishia. Isale halikataliwi, hata kama hasira ni ya miaka. Akaniagiza nimletee kanga yake nzuri.

Alilazwa siku ileile, katika wodi ileile. Mguu ulipona, lakini vidole vile ilibidi vikatwe. Muuguzi alipokuwa anaondoka navyo kwenda kuvichoma, mama akamwita kutoka kitandani.

"Usivichome. Vizike hapo nje ya ukuta, karibu na baba. Mwambie nimetanguliza hivyo, mwenyewe bado nipo nipo sana."