Ndani Iko Mutu?

Nilimfungia bibi kizee wa watu kwa sababu ya herufi mbili. Kufuli sikulishika mimi, walilishika wengine. Mimi nilitoa ruhusa tu, kwa mdomo, nikiwa nimeketi barazani na fulana ya ndani, mguu mmoja kwenye kandambili na mwingine nje. Mambo mengi katika maisha yangu nimeyafanya hivyo, nikiwa nimeketi.

Mbele ya baraza yangu, ng'ambo ya njia ya bodaboda, kuna jengo lililokuwa na mashine ya dizeli ya kuwasha taa za upande huu wa Arua. Mashine iliondolewa nikiwa bado nina nywele. Kuta nene zilibaki, mlango wa chuma ukabaki, na jina nalo likabaki: Pawa. Mtaa mzima siku hizi unaitwa Pawa. Mtu wa bodaboda ukimwambia "nipeleke Pawa" anakuleta hapa bila kuuliza, na mara nyingi anakushusha gizani, maana umeme wa siku hizi unatoka mbali na huja unapojisikia.

Jengo likikaa tupu watu hulijaza kwa midomo. Wapo wanaosema mashine haikuondolewa, ilizikwa, na ukilaza sikio sakafuni utaisikia ikinguruma. Nililaza sikio. Niliinuka na vumbi. Kikundi kimoja cha maombi kilijaribu kusali humo. Kila "amina" ikawa inarudi mara tatu, kiongozi wao akafurahi akidhani waumini wameongezeka, mpaka popo waliposhuka kuona kuna nini. Paa lake ni zege bapa, kwa hiyo wanawake wanaanika muhogo juu yake, na mvua ikitaka kunyesha utawasikia wakiitana kwa Kilugbara kama nyumba inaungua.

Ila mwenye kulitumia hasa ni jirani yangu. Alikuja kutoka Sudan Kusini akimshika mama yake mkono, wakapanga chumba nyuma ya nyumba yangu. Anasaga karanga na ufuta, anauza sokoni ile siagi nzito tunayopikia mboga. Ndani ya Pawa kuna jukwaa la zege ambalo zamani mashine ilikalia. Juu yake anapanga mabeseni yake, kwa sababu panya hawapiti mlango wa chuma. Na kando ya jukwaa, upande wa mbali, ametandika magunia kwa ajili ya mama yake. Mchana wa jua kali hakuna mahali pa baridi kama pale. Mama huyo sote tunamwita Haboba, yaani bibi, kwa Kiarabu chao cha Juba. Masikio yake yamechoka, miguu imechoka, na akilala, amelala.

Siku yenyewe jirani alipita na beseni kichwani.

"Mzee, mama analala Pawa. Mimi naenda soko. Utaangalia?"

"Nenda tu, dada. Mimi niko."

"Kuwa, uko. Mimi nauliza, utaangalia?"

"Si nimesema niko?"

Akaniangalia kidogo, akaenda.

Sasa lazima nieleze kuhusu Kiswahili changu, maana ndicho kilichoniponza. Wengi hapa kwetu walikiokota kwenye kambi za askari au sokoni, wakakisema wanavyotaka, na kila kitu kwao ni "iko". Mimi nilikipata sekondari, kwa mwalimu aliyekuwa akisikia "iko" anafumba macho kama mtu aliyetiwa pilipili. Tangu wakati huo nina ugonjwa: mtu akizungumza, mimi sisikilizi anachosema, nasahihisha namna anavyosema. Ni ugonjwa usio na dawa, na sijawahi kuutafutia.

Basi gari likaja, likasimama mbele ya Pawa bila kuzima injini. Wakashuka wanaume wawili wenye kofia ngumu. Kulikuwa na wizi wa vyuma katika majengo ya namna hii, wezi wanang'oa mpaka bawaba na kuziuza kwa kilo, kwa hiyo nilielewa hao wametumwa na wenye jengo kuja kuangalia. Mmoja akachungulia mlangoni, gizani, akageuka kunitazama. Akapaza sauti juu ya injini:

"Mzee! Ndani iko mutu?"

Mimi nikasikia "moto". Hapa kwetu wengi wakitaka kusema umeme wanasema moto: moto imeenda, moto imerudi. Moyoni nikamsahihisha kwanza: si iko, ni kuna, si moto, ni umeme. Nikafurahi na usomi wangu. Halafu nikamjibu:

"Hakuna! Ulikwisha zamani!"

"Kabisa?"

"Kabisa! Hata harufu yake hakuna!"

Yule bwana akacheka, akanipungia mkono. Nami nikampungia, nikaingia ndani kujinyoosha, kwa sababu kutoa maelezo ya kitaalamu kunachosha. Nilisikia chuma kikigonga chuma. Nikajiambia wanapima.

Kilichoniamsha ni sauti ya jirani dirishani.

"Mzee! Nani alifunga Pawa?"

Nilitoka. Mlango ulikuwa na mnyororo mnene na kufuli jipya lenye ukubwa wa mkate, na namba ya simu iliyopakwa rangi nyekundu ambayo bado ilikuwa inachuruzika. Jirani alikuwa ameweka beseni lake chini katikati ya njia.

"Mama iko wapi?" akaniuliza, ingawa alijua.

Watu wakajaa. Fundi wa kuchomelea anayo mashine ya kukata chuma, lakini siku hiyo moto haikuwa, na hapo hata mimi sikusahihisha mtu. Akakimbilia nyundo. Alipopiga mara ya kwanza jengo zima lililia kama kengele ya kanisa. Alipopiga tena, ndani kukatoka sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa Haboba, nyembamba, kama ya mtoto.

"Acha!" jirani akamrukia fundi mkono. "Acha kugonga! Acha kabisa!"

Akatuambia kwa maneno machache, na zaidi ya hayo hakusema tena hadi leo. Kabla hawajavuka mpaka walijificha ndani ya ghala, yeye na mama yake na wengine, na watu wenye bunduki walikuwa nje wakigonga mlango wa mabati. Waligonga muda mrefu. Tangu hapo Haboba hafungi mlango anapolala, hata wa kitambaa. Ndiyo maana alipenda Pawa. Mlango wake ulikuwa hauna kufuli.

Nyundo ikawekwa chini. Hakuna aliyetaka kuigusa. Fundi akasema atajaribu msumeno, akaupitisha mara moja tu juu ya mnyororo, ukapiga kelele, naye akauacha mwenyewe.

Kwenye ukuta, usawa wa goti, kuna tundu ambalo zamani lilipitisha nyaya. Jirani akalala chini kifudifudi, akaingiza mkono mpaka begani, akaanza kuzungumza kwa lugha yao, polepole. Baada ya muda akasema, bila kugeuka, "Ameshika."

Mwenyekiti wa kijiji akapiga ile namba. Ikaita, mtu akapokea, akasema, "Tuko Koboko," kisha mtandao ukakatika. Akapiga tena na tena. Kimya. Akaishusha simu, akanitazama mimi. Fundi akanitazama mimi. Hata wale wanawake wa muhogo juu ya paa wakanitazama, maana kumbe walikuwepo na walinisikia nikisema hata harufu hakuna.

"Mzee, sura zao unazijua wewe," mwenyekiti akasema.

Mara ya mwisho kutoka mtaani kwangu nilipelekwa na jino. Koboko, mji wa karibu na mpaka, sikuwa nimetia mguu kwa miaka mingi, na sikuwa na mpango. Nilivaa shati, nikalifunga vifungo vibaya, nikapanda bodaboda. Dereva alinihurumia njiani kote. "Shika vizuri, baba," alikuwa akisema, "usianguke, tutakuwa na mambo mawili." Mimi nilikuwa nahesabu vilima na kujiuliza ni lugha gani nitatumia kumwomba mtu radhi kwa kosa la usahihi.

Niliwakuta karibu na stendi, gari limeegeshwa nje ya mkahawa, wao ndani na sahani za ugali na samaki. Yule aliyeniuliza swali akanitambua.

"Aa! Si ile mutu ya Arua?"

Mutu. Sasa, bila injini, nililisikia neno zima.

"Bwana," nikasema, "mchana uliniuliza nini?"

"Niliuliza ndani iko mutu."

"Mimi nilisikia moto."

Akaacha kutafuna. "Ukasema ulikwisha zamani."

"Nilisema."

"Ukasema hata harufu hakuna! Mimi nikaambia mwenzangu, huyu mzee iko na roho ngumu, jirani anakufa yeye anaongea hivi." Mwenzake akaanza kucheka, kisha akaona uso wangu akaacha. "Ngoja. Kwa hiyo iko mutu?"

"Bibi kizee."

Waliacha sahani zao. Nilirudi na gari lao, mbio, mpaka tulipoanza kuziona taa za Arua, yaani pale ambapo taa zingekuwa kama zingekuwepo. Jua lilikuwa linaelekea kuzama. Jirani alikuwa bado amelala chini, mkono ndani ya ukuta. Kuna mtu alikuwa amemtupia kanga mabegani.

Yule bwana alifungua kufuli taratibu sana, akiushikilia mnyororo kiungo kwa kiungo ili usigonge chuma. Hakuna aliyemfundisha, aliuona ule mkono tu, nadhani. Mlango ulipofunguka Haboba alikuwa ameketi chini kando ya tundu, nywele zimejaa vumbi, ameushikilia mkono wa binti yake kwa mikono yake miwili, na hakutaka kuuachia hata binti alipoanza kuuvuta ili aingie ndani. Ikabidi tungoje. Tulingoja wote pale mlangoni, na popo wakatoka juu ya vichwa vyetu kwenda kazini.

Walipotoka, yule bwana akatazama ndani: magunia, mabeseni, vumbi la karanga juu ya jukwaa. Akauviringisha mnyororo begani.

"Mimi nitasema kwa mukubwa niliuliza," akatuambia, "na wakanijibu iko mutu."

"Na wakikuuliza ni mutu gani?" mwenyekiti akasema.

"Nitasema mutu ya kutosha."

Akaenda. Mlango umebaki bila kufuli mpaka leo ninapoandika haya, ile namba nyekundu bado ipo, na watoto wameiongezea tarakimu. Kama watarudi au hawatarudi, sijui. Haboba hakulala Pawa tena kwa muda mrefu, alikuwa analala kwenye jua kali mlangoni kwao, akitoka jasho. Siku aliporudi kwenye magunia yake nilikuwa barazani. Nilihamisha kiti changu, nikakivusha njia, nikakiweka kwenye mlango wenyewe wa Pawa, nikakikalia. Nilidhani jirani ataona na atafurahi.

Alipita na beseni kichwani. Akasimama. Akaniangalia mimi, akaangalia kiti, akaangalia mlango niliouziba kwa mgongo wangu, kiasi kwamba hewa haikuingia wala mwanga.

"Mzee," akasema, "kazi yako ni kukaa tu. Na hata kukaa yenyewe hujui."