Bunduki ya Marehemu

Mimi ni mtu wa ndani. Nafanya kazi uwanja wa ndege, ofisi ya mizigo, na nikitoka huko nakuja moja kwa moja kwetu Rayners Lane, huku ughaibuni, navua viatu, najilaza kwenye kochi, basi. Mke wangu huwaambia wageni wasikae upande wa kushoto maana pana shimo langu. Kwa hivyo siku niliyomwambia kwamba nimeomba leseni ya bunduki, aliniuliza, "Kwani rimoti imeharibika?"

Lawama ni ya wenzangu kazini. Walinikokota mpaka shamba moja nje ya mji, ambako watu wazima hulipa pesa warushiwe visahani vya udongo hewani wavipige risasi. Nikaazimwa bunduki, nikafumba macho, nikafyatua, kisahani kikapasuka. Wakashangilia! Mimi sijawahi kushangiliwa. Hata siku ya harusi yangu alishangiliwa bibi harusi. Baadaye nilisikia kwamba jamaa wa pembeni yangu naye alifyatua wakati ule ule, lakini sikutaka kulichunguza sana jambo hilo.

Polisi akaja nyumbani kukagua kabati la chuma nililolifunga ukutani kwa boliti. Akasema ufunguo niwe nao mimi peke yangu, hata mke asijue ulipo.

"Nyumba nafagia mimi," mke wangu akasema polisi alipoondoka, "halafu pawe na kabati nisilolifungua?"

"Ndiyo sheria."

"Basi sheria ije ikupikie."

Leseni ikatoka, lakini kabati likakaa tupu miezi, maana bunduki za dukani zilinishinda bei. Kila akipita mke wangu akiligonga: "Hodi humo!"

Nikaanza kutafuta ya mkononi, iliyokwisha kutumika, kwenye matangazo ya mtandaoni. Mwenzangu mmoja kazini, aliyezaliwa shamba na kukulia kwenye bunduki, akaniweka kitako. Bunduki za mikononi mwa watu nyingine zimeibwa, akasema, na ikishakamatwa, anayeulizwa ni yule aliyekutwa nayo. Muuzaji akuonyeshe leseni yake mwenyewe na bunduki iwe imeandikwa humo. Namba iliyochongwa kwenye chuma uisome kwa macho yako, ilingane na ya kwenye leseni. Ukiona imekwanguliwa, vaa viatu uondoke. Kabla ya kutoa pesa piga simu polisi, kitengo cha leseni, uwaulize. Na bora zaidi mkutane kwenye duka la muuza bunduki mwenye kibali, si majumbani.

Haya nilimhadithia mke wangu, naye akaniondolea utani ghafla. Kitambulisho changu cha uwanja wa ndege kinatolewa na watu wasiojua mzaha. Kesi ya polisi, hata ndogo, kinachukuliwa. Kikichukuliwa, kazi hakuna, na sisi chakula chetu kinapita kwenye kitambulisho kile.

"Mimi na bunduki yako sina neno," akasema. "Neno langu ni hicho kinachoning'inia shingoni mwako. Kikienda, na wewe nenda nacho."

Tangazo nililolipenda lilikuwa la Southall, kwenye mitaa ya Wahindi. Bunduki ya mitutu miwili, mali ya mjomba wake muuzaji, marehemu, imetunzwa vizuri. Nikamwandikia tukutane dukani, akajibu kwamba mgongo unamsumbua, nije nyumbani kwake. Nikakubali, kwa sababu mtaa wa pili kutoka kwake kuna watu wanakaanga jalebi. Kosa langu la kwanza lilitokana na tumbo.

Mlango ulifunguliwa na Mpanjabi wa makamo, ndevu zake zimeanza mvi. Nikaingia, na pale ukumbini goti langu likagonga baiskeli. "Yarabi toba!" nikalia.

Akageuka kama aliyeitwa jina. "Aa! Wewe mtu ya pwani?"

"Unguja, bwana."

"Mimi zaliwa Nairobi! Ngara! Miaka mingi hapana sikia mtu nasema Kiswahili!" Akanikumbatia, na mgongo ule uliokuwa ukimsumbua ukapona. "Lakini nyinyi watu ya pwani nasema kama naimba. Sema polepole."

Chai ikaja, ya maziwa, nzito. Akanihadithia kwamba baba yake alikufa yeye mdogo, akalelewa na mjomba wake, yeye humwita Mzee tu. Bunduki hii ilikuwa ya Mzee, Mzee aliipenda sana, Mzee hakupata mtoto wa kiume. Nikampa pole. Tukasikitika pamoja. Katika yale yote niliyofundishwa kazini, hakuna hata neno moja lililobaki kichwani.

Akafungua sanduku. Kitako cha bunduki kilikuwa cha mti wa rangi ya halua. Nikaibeba, nikaiweka begani, nikailenga taa yake ya darini, nikajiona mtu mwingine kabisa, mrefu zaidi.

"Bei sema wewe," akaniambia.

Nikataja bei ya aibu, ya kuanzia. Akasema, "Sawa."

Mtu yeyote aliyewahi kununua hata fungu la mchicha sokoni Darajani angeshtuka hapo. Mimi nilifurahi. Nikatia mkono mfukoni.

Ila kwetu huwezi kumpa mtu pesa kimya kimya kama unalipa mashine ya maegesho. Lazima pawe na neno, na mimi neno langu ni moja tu. "Na nyumbani hawajambo?" nikauliza huku nikitafuta pochi.

"Hawajambo."

"Mama watoto?"

"Mzuri."

"Watoto?"

"Mzuri, nakula pesa tu."

"Na Mzee hajambo?"

"Hajambo sana! Iko Stanmore kwa binti yake, kutwa naangalia kriketi."

Kwanza niliona haya, mimi. Nikamshika mkono: "Nisamehe, bwana, ulimi tu. Nimemuulizia marehemu."

Ndipo, kwa mwendo wangu ule wa mtu wa kochi, nikasikia nilichojibiwa.

"Huyo wa Stanmore ni mzee gani?"

"Ingine."

"Mwingine yupi?"

"Wewe nauliza kama polisi."

"Naomba nione leseni yako."

"Iko kwa wakili."

"Yako, au ya Mzee?"

Akaanza kuchunguza kikombe chake. Nikaigeuza bunduki nikatafuta namba. Ilikuwepo, safi, haijakwanguliwa hata kidogo. Ya nini kuikwangua, na mwenyewe hajajua kama imetoka?

"Sikiliza," akasema kwa sauti ndogo. "Mzee mikono natetemeka. Jiko nawasha, nasahau. Sisi naogopa. Mimi nachukua funguo, natoa hii, nafunga kabati tena."

"Ungemwomba, angekubali kuuza?"

"Hapana! Nasema hii nazikwa na yeye."

"Basi hii ni ya wizi."

"Hapana wizi! Familia!"

"Na kwenye tangazo umemuua."

"Nimeua kidogo tu."

Hapo nikakiona kitambulisho changu kinachukuliwa na mtu asiyejua mzaha. Na mikono yangu ilikuwa imeshapita kila mahali juu ya bunduki ile! Nikatoa leso nikaifuta: kitako, mitutu, kifyatulio, sanduku. Nikafuta na kikombe cha chai. Mwenye nyumba ananitazama tu. Kisha nikatoka mlangoni nikampigia mke wangu.

"Ni ya wizi," nikamwambia. "Lakini usiwe na wasiwasi, nimefuta alama zote za vidole."

"Umefanya nini?"

"Nimefuta. Na kikombe."

"Mwanamme wee," akasema, polepole, kama anazungumza na mtu aliye juu ya paa, "mpaka dakika tano nyuma ulikuwa mjinga tu. Sasa ndiyo umekuwa mwizi. Piga simu polisi wewe, kabla hujapigiwa. Useme kila kitu. Na hiyo leso uiseme."

Nikarudi ndani nikamwambia mwenyeji kwamba napiga simu, na napiga mbele yake.

"Sisi wote watu ya Afrika Mashariki!" akalalamika.

"Ndiyo maana nakwambia. Mpigie Mzee kwanza, asiyasikie kwa askari."

Akampigia. Mzee alipojua kwamba ameuawa ili iuzwe bunduki yake, alitukana kwa Kipanjabi, kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko cha mpwa wake. Simu haikuwa kwenye spika. Haikuhitaji.

Polisi wakaja wawili, mwanamke na mwanamme. Bunduki wakaichukua, na mpwa wakaondoka naye kwa mahojiano. Mimi nilieleza yote, mpaka leso. Yule mwanamke akauliza iko wapi. Nikakuta bado nimeishika. Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaandika juu yake, akanishauri nikawaambie kazini mwenyewe kesho yake, maana watasikia tu.

Nikawaambia. Bosi wangu akasikiliza, akanyoosha mkono, nikavua kitambulisho shingoni nikampa. Akasema nikae nyumbani mpaka polisi wajibu.

Kukaa nyumbani, mimi! Maisha yangu yote naomba niambiwe hivyo. Nikalala kwenye kochi, kochi likanikataa. Nikafagia. Nikapika wali, ukaungua. Mke wangu hakunitania hata mara moja zile siku zote, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Siku moja nilimkuta kwenye meza ya jikoni anasoma matangazo ya kazi, aliponiona akafunika simu.

Halafu bosi akapiga: polisi hawana neno na mimi, nije.

Nilifika mapema. Akanirudishia kitambulisho, nikashuka mpaka kwenye mlango wa wafanyakazi, nikakiweka juu ya mashine. Taa ya kijani ikawaka, mlango ukafunguka. Nami nikabaki nimesimama pale nikiutazama mlango uliofunguka, mpaka foleni ya nyuma yangu ikauliza kama naingia au siingii.

"Naingia," nikasema. "Naingia, jamani."