Njoo Umshike Mama Yako

Walikuja asubuhi kwa bodaboda mbili kutoka Susuni. Ya kwanza ilimbeba bibi, kafungwa kwa kitenge mgongoni mwa dereva asije akaanguka. Ya pili ilimbeba mwanaume, peke yake. Nikajisemea, huyu naye, mama yake anakufa halafu hataki kubanana naye. Nilikuwa najitolea wodini kama mhudumu, mwezi wangu wa tatu huo, na nilishajiona najua kila kitu.

Bibi alikuwa ameharisha na kutapika siku mbili. Ukivuta ngozi ya mkono wake, hairudi. Sista, mtu wa Mbeya, alihangaika mpaka akapata mshipa, dripu ikaanza kwenda. Akaniambia, "Asichezeshe huo mkono. Sindano ikitoka, sijui kama nitapata mshipa mwingine." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Muda si mrefu bibi akaharisha tena. Ilibidi nibadilishe shuka, na peke yangu siwezi kumgeuza. Yule mwanaume alikuwa amesimama mlangoni, uso kaelekeza ukutani.

"Wewe mura, njoo umshike mama yako!"

Hakusogea.

"Si nakwambia njoo? Mwanaume mzima unaogopa uchafu wa mama aliyekuzaa?"

Watu wakacheka. Nikafunua shuka kwa hasira, nianze mwenyewe.

Bibi akapiga ukelele. Akavuta kitenge usoni, akang'oa sindano, akaanza kushuka kitandani. Damu ikadondoka sakafuni. Mwanaume akatoka mbio.

Kitanda cha pili kulikuwa na dada Msukuma, mume wake anachimba dhahabu huku kwetu. "We nesi, una akili kweli? Yule ni mkwe wake, kamuolea binti. Hata sisi mama mkwe haonwi hivyo."

Mimi Mkurya, nimekulia hapa hapa mjini Tarime, nafundishwa mila yetu na mgeni.

Sista akaja mbio. Bibi alikuwa amekumbatia mikono kifuani, haitoi. "Nirudisheni nyumbani. Dawa zenu sitaki."

Sista akaninong'oneza, "Asipopata maji, jioni haioni."

Nikavuta pazia, nikapiga magoti. "Bibi, nisamehe. Nilidhani ni mwanao."

"Ameona?"

"Hapana. Alikuwa anaangalia ukuta."

Nilijibu haraka mno. Akageuza uso.

Nikatoka nje. Nilimkuta mkwe wake amechuchumaa nyuma ya wodi.

"Kaka, shikamoo."

"Ahaa, sasa hivi ndiyo shikamoo? Si nilikuwa mura, kijana tu wa kuamrishwa?"

"Nimekosea. Lakini hataki dripu, na bila dripu tutampoteza. Anataka kujua kama umeona. Mwambie wewe, mimi haniamini."

Akainuka, akakung'uta suruali. Kisha akaja mpaka chini ya dirisha, akaligeuzia mgongo. Nikarudi ndani kwa bibi. Mwanaume akasema kwa sauti, kwa Kikurya, kwamba hakuona kitu, na kwamba ameshampigia mke wake simu, yuko njiani.

Bibi hakumjibu. Aliniambia mimi, "Mwambie nimesikia. Akasubiri getini."

Nikayarudia dirishani yale yale, ingawa alikuwa ameshayasikia.

Ndipo bibi akatoa mkono. Sista akachoma, akakosa. Akachoma tena, juu kidogo ya kifundo cha mkono, na sote tukaikodolea macho chupa mpaka dripu ikaanza kudondoka.

"Sasa nibadilishie shuka," bibi akasema. "Na hilo dirisha ulifunge kwanza."