Mstari wa Kukwaruza

Mtaani walimwita Fundi Vigae, na jina alilozaliwa nalo lilibaki kwa mama yake tu. Maisha yake yote ni kupiga magoti kwenye nyumba za wenye nazo, anatandika sakafu. Magoti yalishakuwa sugu, lakini kazi yake, loo! Ungeteleza kwa raha.

Mwenyewe alikuwa mpangaji. Vyumba viwili na korido, yeye na mama. Mama alipopofuka, ikawa kumshika mkono asubuhi mpaka jioni, naye bibi yule wa maneno mengi alichukia kushikwa kama mtoto. "Kila nikitaka choo nikuite? Si bora nife!"

Fundi akaokoteza vigae vilivyobaki kwenye kazi za watu, akatandika korido nzima vigae laini, na katikati akapitisha mstari wa vile vya kukwaruza vinavyowekwa kando ya bwawa la kuogelea, kutoka kitandani mpaka chooni. "Nyayo zikisikia mikwaruzo, uko njiani. Ikikatika, simama, mlango wa choo uko kulia kwako." Tangu hapo bibi hakushikwa tena. Alikwenda, akarudi, akajigamba kwamba ameota macho ya nyayoni.

Jamani, angeishia hapo! Lakini mkono wa fundi hautulii: akamalizia sebule, akahamia barazani, akashuka na ngazi. Majirani wakamwuliza, "Una wazimu? Nyumba ya kupanga hiyo!" Akacheka. Mwenye nyumba alipokuja alivua viatu mlangoni, akasifu, akaenda zake.

Kumbe barabara ya lami inakuja, na nyuma yake chuo. Mtaa ambao jana hakuna aliyeuulizia, leo kila mwenye akiba anautaka. Mwenye nyumba naye akataka kuuza, na dalali akamleta muuguzi mmoja anayefanya kazi ng'ambo, mama wa makamo, mpole. Alimwamkia bibi kwa heshima zote, akamwuliza hali ya macho.

"Dada, wewe unaishi huko," Fundi akamwambia, "nyumba ya huku ya nini?"

"Kaka yangu, nazeeka kwenye nchi ya watu. Hela nikiiacha benki, kila mwaka inanunua kidogo zaidi. Wenzangu wote wameshanunua. Nikichelewa, bei itakuwa imepaa, nami nitastaafu sina pa kuegemea. Wanafunzi wakija, kila chumba kitaingia vitanda vinne."

Fundi akatafuta hasira, akaikosa. Afadhali yule mama angekuwa mkorofi, angalau angepata wa kumlaani.

Akaomba abaki kama mpangaji. Mama wa watu akainamisha kichwa: kodi ya vitanda vinne kila chumba, Fundi angeitoa wapi? Nyumba ikauzwa wiki ile ile.

"Yule muuguzi alikuwa anasitasita," dalali akamwambia, anampigapiga begani. "Alipoiona sakafu yako tu, akakata shauri. Umeniuzia nyumba, bwana! Sasa kuna huo mstari unaoharibu sura. Uung'oe, uweke laini. Utalipwa."

Fundi akapiga hesabu. Angekataa, angeletwa mwingine na nyundo. Afadhali aving'oe vigae vyake mwenyewe kwa upole, avihamishie kule nje ya mji alikopata chumba. Akashika patasi, akaanzia katikati ya korido.

Kigae cha kwanza kikapasuka. Cha pili vivyo hivyo. Alikuwa amevigandisha kwa saruji nzito, kwa ajili ya mama, visije vikacheza. Hakuna hata kimoja kilichotoka kizima.

"Huko tunakokwenda utaniwekea vingine?" bibi akauliza kutoka chumbani.

Vingine Fundi angepata. Lakini barabara ile ilikuwa inaelekea huko huko, na akiitengeneza nyumba ya mtu ikapendeza, si wanunuzi watakuja tena na dalali wao? Na asipoitengeneza, mama atatembeaje? Akakaa chini na patasi mkononi, akalia kimyakimya kama mtoto aliyekatazwa kulia.

Bibi hakungoja jibu. Akatoka na mwendo wake ule wa kujiamini, nyayo juu ya mstari, mpaka katikati ya korido palipobaki vumbi na vipande. Akasimama. Akapapasa kwa kidole gumba cha mguu, mbele, kulia, kushoto. Akanyoosha mkono hewani.

"Mwanangu," akasema, "njoo unishike."