Walivyoulizia Jina la Cheti

Mimi naitwa Kelele. Jina la ubatizo ninalo, limelala kwenye cheti kabatini, ila hapa Lumemo hakuna anayelijua. Kelele nilipewa na wenzangu kwenye kuamia mpunga, kule kushinda shambani kufukuza ndege, kwa sababu nikipiga ukelele mmoja tu wanaruka hadi ng'ambo ya mashamba. Msimu ule kweleakwelea walipotuvamia, wenzangu sauti ziliwakauka, nikabaki mimi. Mpunga ukavunwa. Sasa jina kama hilo nilifiche kwa lipi?

Binti yangu alilificha. Alikwenda kusoma Morogoro mjini, akapata mchumba, akaona haya kusema mama yake anaitwa Kelele. Akawapa watu wa mchumba lile la cheti.

Basi wakaja, mshenga na shangazi wa kijana, mama mmoja asiyecheka ovyo. Desturi ni kwamba kabla ya kuleta posa unafika kimya kimya, unawauliza majirani ile nyumba ni ya watu gani. Wakapita mlango hadi mlango wakilitaja lile jina. "Hatumjui." "Mtaa huu? Hayupo." Hata jirani yangu tunayeombana chumvi aliapa kwamba hajawahi kumsikia mtu huyo!

Alasiri binti, aliyekuwa nyumbani likizo, akapigiwa simu na mchumba wake: shangazi amesema hawaoi kwa watu wa kujificha, kesho wanapanda basi warudi. Akanijia analia, akanieleza yote. Loo, niliwaka! "Umenionea haya mimi? Jina lililokulisha wali?" Lakini mwana hatupwi. Nikajifunga khanga kiunoni, nikamwambia twende.

Tuliwakuta gesti, karibu na stendi. Niliwaamkia vizuri, maana hasira zangu hazijawahi kuninyima adabu. "Shangazi, nawaomba mrudi nyumba zilezile. Mara hii mwulizieni Kelele. Mimi nitasimama nyuma, sifungui mdomo."

Wakarudi, wakauliza. Jirani yangu alicheka mpaka akashika ukuta. "Kelele? Si huyo hapo nyuma yenu! Mbona hamkusema tangu mwanzo? Huyo aliokoa mpunga wetu sote. Wanangu wamekula kwa koo lake." Nyumba ya pili walitutolea viti. Ya tatu, mzee alisimulia mpaka nikajua anatia chumvi, nikamwacha aendelee, tena nikanyoosha shingo. Mcheza kwao hutunzwa, jamani!

Shangazi alisikiliza yote. Kisha akamgeukia binti yangu. "Nakuuliza wewe, mbele ya majirani hawa. Wewe ni mtoto wa nani?"

Binti akainamisha kichwa. Nilijua akilitaja lile la cheti mbele ya watu hawa, posa ndiyo imekwenda na maji. Akainua uso.

"Mimi ni mtoto wa Kelele," alisema, kwa sauti iliyofanya watu wachungulie madirishani. "Na anayetaka kunioa aje akimwulizia kwa jina hilohilo."

Shangazi akacheka, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Basi kesho hatupandi basi. Tunaleta posa kwa Kelele."

Wanawake wakapiga vigelegele. Nami nilifungua mdomo nijiunge nao na, haki ya Mungu, sauti haikutoka. Nilisimama pale uani kwa yule mzee, nikalia.